Mchungaji anasema kusimama getini na bango ni uasi, nami siku zangu 11 hazijalipwa

Washauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mlokole, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nne Unguja. Nafua mashuka na mataulo katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Mkataba wangu unasema shilingi 390,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, pamoja na mgao wa sevisi chaji, ile ada ya huduma wanayolipa wageni. Aprili hii, wageni walipoondoka kwa masika, tuliambiwa tubaki tufue mapazia, vyandarua na foronya zote kabla hoteli haijafungwa kwa matengenezo. Tukafua siku 11. Mwisho wa mwezi nikapokea 225,000. Meneja akasema siku zile zilikuwa za kujitolea, kwa sababu hapakuwa na wageni. Mgao wa sevisi chaji nao hatujauona tangu Januari.

Tuko 34, na 19 wamekubaliana kwamba siku wageni wa kwanza watakapoingia Juni tuache kazi asubuhi, tusimame getini na mabango. Jumapili iliyopita Baba Mchungaji akahubiri kwamba wanaosimama njiani kupinga makampuni ni watu wa wivu na uvivu. Alisema Wakristo wa Marekani waliwakemea hivyo hivyo wale waliolala kwenye mahema New York kuyapinga mabenki, na kwamba Yesu alisema fanyeni biashara, hakusema fanyeni maandamano. Akamalizia na Warumi 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Sijui kama kuna aliyempelekea habari zetu. Namheshimu sana, ndiye aliyetupokea mimi na wanangu wawili tulipofika hatuna pa kulala.

Wenzangu wengi ni Waislamu, na wananiuliza, "Kwani dini yako inakukataza kudai haki yako?" Sina la kuwajibu. Nikisimama getini natenda dhambi? Nisiposimama, si ninawasaliti?

Dobi, Kaskazini Unguja

*

Bwana asifiwe, dada yetu.

Kudai ujira ulioufanyia kazi si dhambi. Lakini geti si mahali pa kuanzia, na kuacha kazi asubuhi ile mliyoipanga kunaweza kuwafukuzisha nyote 19 kwa kosa lenu wenyewe, deni likabaki pale pale. Tuanze na mahubiri, maana ndiyo yanayokunyima usingizi, kisha tuje kwenye daftari na barua.

Watu wale wa New York walianza kukaa Zuccotti Park, karibu na mtaa wa mabenki wa Wall Street, tarehe 17 Septemba 2011, na polisi wakawaondoa usiku wa kuamkia 15 Novemba mwaka huo huo. Hasira yao ilitokana na mtikisiko wa fedha wa 2008: serikali ya Marekani iliidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mabenki, huku watu wa kawaida wakipoteza nyumba na kazi. Walisema wao ni asilimia 99, na ile asilimia moja imejibebea kila kitu.

Ni kweli Wakristo wengi wahafidhina hawakupendezwa nao. Tony Perkins, mkuu wa shirika la Family Research Council, aliandika Desemba 2011 kwamba Yesu alikuwa upande wa soko huria, na akategemea mfano wa mafungu ya fedha katika Luka 19. Hapo pana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili halioni mara moja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Luka 19:13, inatumia neno "occupy", ambalo zamani lilikuwa na maana ya kushughulika na kufanya biashara. Waandamanaji nao walijiita kwa neno hilo hilo, kwa maana yake ya leo ya kukalia mahali. Perkins akawarudishia neno lao. Biblia yetu haina utata huo. Inasema wazi "fanyeni biashara". Kwa hiyo Baba Mchungaji hakukosea kunukuu. Ila bwana katika mfano ule anawadai watumwa hesabu ya fedha aliyowakabidhi. Mfano haumzungumzii bwana aliyefanyiwa kazi siku 11 akakataa kulipa. Hilo lina maandiko yake, na tutayafikia.

Tusiwadharau wahafidhina hao. Hoja zao ni nzito. Walisema kumtamania tajiri mali yake kunavunja amri ya kumi, na mali ya mtu inalindwa na ya nane. Walitaja 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi na asile. Waliogopa umati usio na kiongozi, unaokaa mahali pasipo pake na kutaka mambo mengi pasipo dai moja linaloweza kulipwa. Hata kanisani watu waligawanyika. London, waandamanaji walipiga mahema nje ya Kanisa Kuu la St Paul's tarehe 15 Oktoba 2011, na kanisa likafungwa wiki nzima. Padre mmoja mkubwa, Giles Fraser, akajiuzulu kwa kuhofia watu wataondolewa kwa nguvu, na siku chache baadaye mkuu wa kanisa kuu hilo naye akajiuzulu. Hao wote walisoma Biblia moja.

Sasa zilete hoja hizo kwenye londri yenu, moja moja. Uvivu? Umefua siku 11. Wivu? Hutaki gari la mwenye hoteli. Dai lisilo na kipimo? Gawa 390,000 kwa 26, unapata 15,000 kwa siku; mara 11 ni 165,000. Ukijumlisha na 225,000 uliyopokea, unarudi kwenye 390,000 ya mkataba, bila senti ya ziada. Na amri ya nane, hiyo ambayo wahafidhina wanaipenda, inakulinda wewe: kazi ikishafanyika, 165,000 ni mali yako iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka alipwe kabla jua halijachwa. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele wenyewe, na kilio cha waliovuna kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Si lazima mtu awe mwanamapinduzi ili aamini hayo. Inatosha awe anaamini Maandiko. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, aliitetea mali binafsi dhidi ya wajamaa, na katika waraka huo huo akasema kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayolilia mbinguni.

Wala usidhani ni maneno ya ng'ambo tu. Askofu Frank Weston wa Anglikana aliiongoza dayosisi ya Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki 1924. Katika imani alikuwa mkali: mwaka 1913 aliwashtaki maaskofu wenzake wa Afrika Mashariki kwa uzushi, kwa sababu walishiriki ibada ya ushirika na madhehebu mengine kule Kikuyu, Kenya. Hakuna aliyeweza kumwita mlegevu. Na ndiye aliyeandika mwaka 1920 kuipinga serikali ya Kiingereza ilipowashinikiza Waafrika wa Kenya kwenda kufanya kazi mashambani mwa walowezi. Mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa London, aliwaambia Wakristo kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu altareni ikiwa hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Si wa kanisa lako, lakini mchungaji wako akikuuliza ni mhafidhina gani aliyewahi kusema hivyo, mtaje.

Warumi 13 ndiyo inayokutisha zaidi. Jiulize mamlaka iliyo kuu katika shauri lako ni nani. Si meneja. Ni sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo. Mshahara uliofanyiwa kazi hulipwa, na neno "kujitolea" halifuti mkataba ulioandikwa. Anayezuia ujira ndiye anayeshindana na mamlaka, na wewe ukiupeleka mgogoro kwenye Kamisheni ya Kazi unaitii Warumi 13 kwa vitendo. Paulo aliyeiandika ndiye aliyekataa kutolewa gerezani kimya kimya kule Filipi baada ya kupigwa bila kuhukumiwa, akataka wakubwa waje wenyewe, na ndiye aliyekata rufaa kwa Kaisari. Na tukumbuke kwamba hapa Unguja, hadi katikati ya mwaka 1873, kumnadi mtu sokoni Mkunazini kulikuwa halali. Kutii mamlaka hakujawahi kumlazimisha Mkristo wa visiwa hivi aite jema kila linaloruhusiwa.

Soma pia Matendo 19. Mafundi fedha wa Efeso wanajaza uwanja, wanapiga kelele kwa muda wa saa mbili, na Luka anaandika kwamba wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini. Karani wa mji anawatuliza: mwenye neno juu ya mtu, mabaraza yapo, na waende wakashtakiane. Sura hiyo mpelekee Baba Mchungaji, kwa sababu inakubaliana naye juu ya ghasia na inakubaliana nawe juu ya haki. Na uiweke moyoni wewe mwenyewe, maana mpango wenu wa Juni uko karibu zaidi na uwanja ule kuliko na meza ya karani.

Haya, kazi yenyewe.

Nunua daftari leo. Kila siku kati ya zile 11 andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichofua na aliyekusimamia: "Mapazia ya vyumba vya ghorofani, jozi 14, msimamizi alikuwepo." Usikadirie, siku usiyoikumbuka vizuri muulize mliyekuwa naye zamu, naye aandike kwenye daftari lake kwa mkono wake. Maandishi 19 yanayofanana neno kwa neno yanamfanya msuluhishi ashuku kwamba kuna mtu mmoja aliyewatungia. Ambatisha nakala ya mkataba, ratiba ya zamu ya Aprili, ujumbe wa malipo ya 225,000 na hati za mshahara za miezi iliyotangulia. Ukiwa umesajiliwa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, omba taarifa ya michango yako. Mwezi usiochangiwa ni dai jingine, na tarehe zake zinasaidia kuonyesha ulikuwa kazini.

Kuhusu sevisi chaji, usitaje kiasi usichoweza kukithibitisha. Dai hesabu: iliyokusanywa Januari hadi Aprili, na jinsi ilivyogawanywa. Kifungu cha mkataba wako kinachotaja mgao ndicho msingi. Msimwombe mtu wa mapokezi apige picha bili za wageni. Zina majina ya watu, na akikamatwa amempa mwajiri sababu safi ya kumfukuza.

Halafu fuata Mathayo 18:15-17, ambayo kwa mpangilio wake inafanana sana na utaratibu wa kazi: kwanza mwambie mwenyewe, kisha chukua mmoja au wawili wawe mashahidi, kisha ndiyo uliambie kanisa, na kwa kazi ni kupeleka barazani. Nenda kwa meneja na mwenzako mmoja, saa ambayo si ya kazi. Mueleze hesabu ya 15,000 mara 11 kwa sauti ya kawaida. Mkitoka, andikeni alichojibu, na saa.

Asipolipa, andikeni barua moja ya ukurasa mmoja. Iseme nyinyi ni nani, siku zipi, kiasi gani kwa kila mtu, mnaomba hesabu ipi, na mnasubiri jibu ndani ya siku 7. Sahihi ziwekwe kwa duara, kama sahani, ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Orodha ya kushuka inampa mwajiri jina la juu, na huyo ndiye anayeondolewa kwanza. Toeni nakala tatu: yake, ya chama, yenu. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa au isainiwe na tarehe. Wakikataa kuipokea, andikeni chini yake "imekataliwa", saa, na majina ya mashahidi wawili. Barua isiyo na alama ya kupokelewa ni kama haikupelekwa.

Wakati huo huo jiungeni na chama cha wafanyakazi wa mahoteli kama bado. Watu 34 wakienda na chama ni shauri. Wakienda kila mtu kivyake ni minong'ono 34. Siku 7 zikipita, chama au nyinyi wenyewe mlipeleke Kamisheni ya Kazi, ambako lipo dawati la usuluhishi wa migogoro, na likishindikana huko linakwenda Mahakama ya Kazi. Wewe umetoka Tanga, kwa hiyo sikiliza hili: kazi na ajira si jambo la Muungano. Fomu za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya bara, ambazo ndugu yako anaweza kukutumia kwa nia njema, hapa hazifanyi kazi. Usikae miezi, kwani madai ya kazi yana ukomo wa muda. Kama hamna wa kuwaandikia, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina wasaidizi wa sheria hata huku shamba.

Sasa hilo geti. Kuacha kazi bila kura na notisi ya chama kunahesabiwa utoro, na mtoro hufukuzwa kihalali. Mgomo una utaratibu wake katika Sheria Namba 1, nao unapitia chama, msiuanze wenyewe. Mkitaka kusimama na mabango tu, simameni mkiwa nje ya zamu, nje ya kiwanja cha hoteli, na kwanza pelekeni taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya si chini ya saa 48 kabla, yenye mahali, saa na madhumuni. Polisi wakizuia, rudini nyumbani na mlikabidhi shauri kwa chama. Mpeni habari sheha pia. Akisikia kwa meneja kabla hajasikia kwenu, mmeshampoteza. Saa ya sala ya Ijumaa iacheni. Njia ya magari iacheni wazi, maana gari la samaki likizuiwa mnaomkosesha riziki ni mvuvi.

Bango liandikwe ukweli unaohesabika na si zaidi: SIKU 11 ZA APRILI HATUJALIPWA. Neno "wezi" likiandikwa, mjadala unaacha kuwa wa mshahara unakuwa wa kashfa, na nyinyi ndio mnaoshtakiwa. Vivyo hivyo sauti za WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza habari za uongo, na sauti iliyotiwa chumvi usiku husikilizwa na polisi asubuhi. Anayezungumza kwa niaba yenu awe mzaliwa wa hapa, ikiwa yupo aliye tayari. Inauma kukuandikia hivyo, lakini njia rahisi ya kulizima dai lenu ni kusema ni fujo za wabara, na 165,000 yako haistahili kuzamishwa na neno hilo.

Kwa Baba Mchungaji nenda nyumbani kwake, si baada ya ibada mbele za watu. Mwamkie kama ulivyozoea, mshukuru kwa siku aliyowapokea, kisha umwekee daftari mezani kabla hujasema lolote juu ya mahubiri. Huenda hakuwa na habari ya siku 11. Aliusikia mgomo, hakuusikia mshahara. Mwombe asome Yakobo 5:4 mbele yako na umuulize yeye angefanyaje. Usimwombe asimame getini. Mwombe kwamba meneja akitaka mashahidi wa kusuluhisha, aende yeye pamoja na mzee mmoja wa msikiti anayeheshimika pale kijijini. Akikataa, mheshimu na uendelee na utaratibu, hujaasi.

Na wenzako wanaokuuliza kuhusu dini yako, waambie wao wana hadithi ya Mtume ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na wewe una Kumbukumbu la Torati 24:15, kabla jua halijachwa. Ikiwa mwenye hoteli au msaidizi wake ni mtu wa dini, maneno hayo mawili yakiwekwa mwanzoni mwa barua yanafaa kuliko tishio lolote.

Mkilipwa kabla ya Juni, angalia karatasi utakayopewa kusaini. Mara nyingi huandikwa kwamba umepokea stahiki zako zote na huna dai jingine. Ikiwa umepewa 165,000 bila hesabu ya sevisi chaji, andika kwa kalamu juu ya sahihi yako: "Nimepokea shilingi 165,000, mshahara wa siku 11 za Aprili tu." Weka tarehe, ipige picha, ndipo uirudishe.